Zawadi na Vipuri Vyake

Hotuba iliyotolewa katika Mkutano wa Mwaka wa Wanafunzi wa Zamani, Ukumbi wa Shule, na mwanafunzi wa zamani (Kidato cha Nne, 1996) ambaye sasa ni Ofisa Mipango katika halmashauri ya wilaya.

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu mliostaafu na mlio kazini, ndugu wanafunzi wa zamani, na ninyi wadogo zetu mliokaa nyuma kwa kuwa viti vya mbele tumevichukua sisi wenye vitambi:

Nashukuru kwa heshima mliyonipa. Barua ya Katibu ilinitaka nizungumze juu ya mchango wa wasomi katika maendeleo ya vijiji. Kichwa hicho cha habari ni kipana kama uwanja wetu wa gwaride, na nyote mnakumbuka kwamba mtu aliyepewa adhabu ya kufagia uwanja mzima aliishia kufagia ile kona inayoonekana kutoka dirisha la mwalimu wa zamu. Nami nitafanya hivyo hivyo. Kona yangu ni zawadi: vile vifaa rahisi ambavyo watu wenye moyo mwema hununua na kuvipeleka kwa watu wenye shida, kama pampu za maji, majiko, plau za kukokotwa na ng'ombe na mashine za kufyatulia matofali.

Sikuichagua kona hii kwa bahati nasibu. Katika ajenda ya leo, namba sita, limo pendekezo la Kamati kwamba fedha zote zilizokusanywa na Chama chetu zitumike kuchimba kisima kipya katika kijiji jirani, kifungwe pampu ya mkono, na kijengewe kibao cha marumaru chenye majina ya waliochangia. Nakubaliana na nusu ya pendekezo hilo. Nusu ya pili naipinga, na ni afadhali niseme sasa kabla pilau haijaiva, maana baada ya pilau hakuna mtu asikilizaye upinzani.

Wazo la kusaidia kwa kifaa rahisi lina historia yake. Mwaka 1966 mchumi aliyezaliwa Ujerumani na kufanya kazi Uingereza, E. F. Schumacher, aliunda pamoja na wenzake kikundi cha kueneza teknolojia ya kati, yaani kifaa kilicho bora kuliko jembe la mkono lakini kisichodai gharama za trekta. Mtu huyu kwa miaka 20 alikuwa mchumi wa shirika la taifa la makaa ya mawe la Uingereza, shirika kubwa sana, kwa hiyo aliposema vitu vikubwa vina matatizo yake hakuwa akibahatisha. Kitabu chake cha mwaka 1973, Small Is Beautiful, kilisomwa dunia nzima. Kikundi kile kipo hadi leo, na tangu 2005 kinaitwa Practical Action. Hapa kwetu wazo hilo halikuwa geni hata kidogo. Azimio la Arusha la 1967 lilikwisha kueleza kwamba msingi wa maendeleo si fedha. SIDO ikaanzishwa 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Na Arusha ikapata CAMARTEC, ya kushughulikia zana za kilimo na teknolojia ya vijijini.

Siku hizi wazo hilo limeingia hata katika kadi za Krismasi. Mwenzetu mmoja aishiye Uingereza alinionyesha kadi aliyopewa na jirani yake. Kwa nje ilikuwa na picha ya mbuzi. Ndani iliandikwa kwamba kwa jina lake familia moja ya Afrika imepatiwa mbuzi. Mwenzetu hakuona mbuzi, wala hakujua alikwenda kwa nani; yeye alipata kadi. Mashirika mengi makubwa hufanya hivyo, na ukisoma maandishi madogo nyuma ya kadi utakuta mara nyingi wameeleza kwamba fedha zitatumika pale penye haja kubwa zaidi. Wapo wanaoliona jambo hilo kuwa ni hila. Mimi kwa kazi yangu naliona kuwa ni busara, mradi limeandikwa wazi. Mtu wa Birmingham aliyeketi mezani na katalogi hawezi kujua kama kijiji fulani cha Singida kinahitaji mbuzi, au bomba, au kuachwa tu kivune alizeti yake kwa amani. Afadhali atoe fedha, na aliye karibu na kijiji achague.

Taabu huanza pale picha ya zawadi inapokuwa na nguvu kuliko kijiji chenyewe. Nitawapa mfano mmoja kwa kirefu, kwa sababu una mengi ya kufundisha, hasa kwa vijana wanaosoma Fizikia.

Huko Afrika Kusini, mwishoni mwa miaka ya 1980, ilibuniwa pampu inayoendeshwa na bembea ya kuzunguka, ile wanayopanda watoto na kusukumana. Watoto wanacheza, bembea inazunguka, maji yanapanda kutoka kisimani hadi kwenye tangi la juu, na mama anafungua koki. Iliitwa PlayPump. Pande za tangi zingebandikwa matangazo ya biashara, na fedha za matangazo zingelipia matengenezo. Sijapata kuona wazo linalovutia macho kama hilo. Mwaka 2000 Benki ya Dunia iliipa tuzo. Mwaka 2006 mjini New York, Laura Bush, mke wa Rais wa Marekani wa wakati huo, alitangaza mchango wa dola milioni 16.4 wa serikali yao pamoja na wafadhili binafsi, na lengo likawa kufunga pampu 4,000 kusini mwa Sahara kufikia mwaka 2010.

Sasa tupige hesabu, na Kidato cha Tatu mtanisahihisha. Ndoo moja ya lita 20 ina maji ya kilo 20. Kuipandisha kutoka kina cha mita 30 kunahitaji kazi ya jouli kama 5,900. Mtu mzima mwenye afya anaweza kufanya kazi kwa mfululizo kwa nguvu ya wati 75 hivi. Gawanyeni: mnapata sekunde 80 kwa ndoo moja, kama pampu haipotezi chochote. Lakini pampu zote hupoteza, kwa hiyo tuseme dakika mbili. Sera ya Maji ya nchi yetu ya mwaka 2002 iliweka kipimo cha lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kimoja kwa watu 250, na umbali usiozidi mita 400. Watu 250 mara lita 25 ni lita 6,250, yaani ndoo 312 na nusu. Kwa dakika mbili kila ndoo, ni zaidi ya saa kumi za kusukuma bila kupumzika. Hiyo ni kazi ya kutwa nzima, tangu jogoo hadi magharibi, kwa mikono ya watu wazima wanaopokezana.

Je, watoto watacheza kiasi hicho? Mwaka 2009 gazeti la Guardian la Uingereza lilipiga hesabu yake kwa kufuata lengo lililotangazwa la kuwahudumia watu 2,500 kwa pampu moja, na likakuta watoto wangelazimika kucheza saa 27 kwa siku. Siku, ndugu zangu, ina saa 24 hata kwa wafadhili. Matokeo yake watoto walicheza kidogo, wakachoka, wakaenda zao. Kina mama na mabibi wakabaki kuinama na kulizungusha gurudumu kwa mikono, kazi ngumu na ya aibu kidogo kwa mtu mzima. Kila moja iligharimu dola 14,000 hivi, na WaterAid wakaeleza kwamba kwa bei hiyo ungepata pampu nne za kawaida za mkono. Kuna vijiji, kwa mfano Msumbiji, ambako pampu ya mkono ilifunguliwa na kuondolewa ili bembea ifungwe mahali pake. Bembea ilipoharibika, fundi hakuwapo na vipuri havikuwapo. Na matangazo? Sehemu nyingi hakupatikana mfanyabiashara aliyetaka kulipia tangazo litakalosomwa na watu wasio na fedha za kununua bidhaa yake. Mwaka 2010 shirika lililokuwa likiieneza kutoka Marekani lilifunga shughuli na kukabidhi pampu zilizobaki kwa shirika jingine.

Nataka msinielewe vibaya. Waliofanya hivyo hawakuwa waongo wala wezi. Walipeleka pampu bila kumwuliza anayechota maji, na picha ilikuwa nzuri mno.

Nikilinganisha na hiyo, historia ya pampu ya kawaida ya mkono haina mvuto wa picha hata kidogo, na kwa sababu hiyo naipenda. Katika India ya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, ukame ulipobana, zilifungwa pampu nyingi za chuma cha kumimina zilizoigwa kutoka zile za mashamba ya Ulaya na Marekani. Kule ziliundwa kwa familia moja. Hapa zikawa zinatumiwa na mamia ya watu kutwa nzima, zikavunjika sehemu kubwa. Jimboni Maharashtra, katika mji wa Sholapur, watu wa kazi wakatengeneza pampu ya chuma cha pua ya karakana, imara, isiyotetereka mpini. Kutoka hapo wahandisi wa serikali ya India na UNICEF, pamoja na kiwanda kimoja cha Madras, walizaa ile iitwayo India Mark II mwishoni mwa miaka ya 1970. Hawakuiwekea hataza. Kiwanda chochote duniani kingeweza kuitengeneza, mradi kifuate vipimo, na zimetengenezwa kwa mamilioni.

Hata hiyo ilikuwa na dosari. Mpira wa pistoni ukilika, sharti ung'oe bomba zima la chuma kutoka kisimani, mita 30 au 40, kwa miguu mitatu ya vyuma na watu wenye misuli, na gari la kuwaleta. Kijiji hakina gari. Basi katika miaka ya 1980 majaribio yakaendeshwa Malawi na Kenya, Kwale hasa, chini ya mpango wa UNDP na Benki ya Dunia, ikapatikana Afridev. Bomba lake ni la plastiki na halitolewi. Pistoni hupita ndani ya bomba na kuvutwa juu pamoja na fimbo zake, ambazo hushikana kwa ndoano badala ya skurubu. Spana moja inatosha. Bushi za mpini ni za plastiki, zinasukumwa kwa mkono. Yeyote aliyefundishwa siku mbili tatu anaweza kubadili mpira wa pistoni kabla ya chakula cha mchana. Nayo haina hataza. Sisi hapa Tanzania tumepitia njia hiyo hiyo: visima vifupi vya Shinyanga vilivyoanza 1974 kwa msaada wa Uholanzi, kisha Morogoro, na pampu za SWN zilizofuata, kila moja ikirekebisha kasoro za iliyotangulia.

Angalieni jambo moja. Katika historia yote hiyo swali halikuwa namna ya kupandisha maji. Hilo lilijulikana tangu zamani za babu zetu. Swali lilikuwa: ikiharibika siku ya Jumanne, nani ataitengeneza Jumatano, na mpira ataupata duka gani?

Serikali yetu nayo ilijifunza kwa gharama. Mwaka 1971 ulianzishwa mpango wa miaka 20 wa kuwapatia wananchi wote maji, bure, kufikia 1991. Nia ilikuwa njema na kazi kubwa ilifanyika, lakini mashine zilizofungwa zilikufa kwa kukosa dizeli na vipuri, kwa maana kila bolti ilisubiriwa kutoka makao makuu. Ndipo sera ya 1991 na ile ya 2002 zikaweka mzigo wa matengenezo kwa watumiaji wenyewe. Mzigo ule nao ulikuwa mzito. Wizara ilipohesabu vituo vya maji vya vijijini nchi nzima, mwanzoni mwa miaka ya 2010, vituo kama vinne katika kila kumi vilikutwa havitoi maji. Tangu 2019 tunayo RUWASA, wakala wa maji vijijini, na chini yake vyombo vya watumia maji vinavyoajiri mafundi. Mimi ni mtumishi wa Serikali na huenda mkaniona natetea ugali wangu, lakini nasema ukweli kwamba sasa walau mwananchi ana mlango wa kugonga. Mpeni zawadi pampu ambayo mlango ule hauijui, na mtakuwa mmemwachia yatima.

Nilitaka kusema mengi juu ya majiko lakini muda hauniruhusu. Niseme tu kwamba lile jiko la mkaa lenye udongo wa kuchoma ndani, ambalo asili yake ni Kenya ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 na lililochukua mfano kutoka jiko la ndoo la Thailand, halikuenea kwa kugawiwa. Lilienea kwa sababu mafundi bati wa Shauri Moyo mjini Nairobi waliona lina faida, wakaligonga na kuliuza, na mama akaliona linapunguza mkaa. Vyungu vya kwanza vilipasuka, wakarekebisha. Vile vile pampu ya kukanyaga kwa miguu iitwayo MoneyMaker, ya Kenya ya miaka ya 1990, waliouunda mradi wake walikataa kabisa kuigawa bure. Wakaiuza kwa mkulima, kwa hoja kwamba aliyenunua ataitunza. Siamini kwamba hoja hiyo inafaa kila mahali. Huwezi kumwuzia maji ya kunywa mjane asiye na kitu kisha ukasema unamfundisha kujitegemea. Lakini kwa kitu cha kuzalishia mali, nadhani walikuwa sahihi.

Na tahadhari moja ndogo kwa wapenzi wa sayansi. Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alisifiwa sana kwa friji ya vyungu viwili: chungu ndani ya chungu, katikati mchanga uliolowa. Maji yanapokauka huchukua joto, na mboga hukaa siku nyingi bila kuoza. Ni kitu safi sana kwa Nigeria ya kaskazini, na Dodoma kitafanya kazi. Kipelekeni Tanga mwezi wa Aprili, hewa ikiwa imejaa unyevu, mtapata mchanga uliolowa na bilinganya lililooza.

Sasa nije kwenye ajenda namba sita.

Kijiji tunachotaka kukichimbia kisima kina pampu. Ninyi vijana mnaipita kila Jumamosi, hatua kama mia tatu kutoka lango la shule, chini ya ule mwembe uliopinda. Ni Afridev. Ilifungwa mwaka 2009 na wafadhili ambao sina haja ya kuwataja, na ina kibao kizuri. Haijatoa maji tangu Oktoba ya mwaka juzi. Juzi nilikwenda nikiwa na fundi wa wilaya, tukafungua kifuniko. Maji yamo, tena mengi. Tulitumbukiza kamba yenye jiwe tukayasikia. Mpira wa pistoni umekwisha, bushi zimelika, na fimbo moja imechomoka ikadondoka ndani ya bomba. Vipuri vyote vinavyotakiwa, kwa bei alizonitajia fundi, havifikii thamani ya mbuzi mmoja mzuri wa mnadani. Yaani yule mbuzi wa kwenye kadi angetosha, na chenji ikabaki.

Kwa nini basi haikutengenezwa? Nilikaa na wazee na kina mama kuuliza. Majibu ni ya kawaida kabisa. Duka la karibu lenye mpira huo liko mjini mkoani, na nauli ya kwenda na kurudi inazidi bei ya mpira. Vijana wawili waliofundishwa ufundi mwaka 2009 walipata vyeti, na kwa vyeti hivyo wakapata kazi mjini. Kisanduku cha michango kilikuwa na fedha, kikakopeshwa kwenye msiba mmoja, na msiba haukurudisha. Masika yakaja, watu wakachota mtoni, hamu ya kuchanga ikaisha. Mama mmoja aliniambia kwamba wao walidhani pampu ni ya wafadhili na wenyewe watarudi kuiangalia, kwa sababu jina lililoandikwa pale ni lao.

Wakati huo huo wanaochota wanafukua mchanga wa korongo kwa kata, na kiangazi shimo moja hulisubiri maji saa nzima. Wasichana wa shule ya msingi wanaingia darasani saa tatu. Na hapa shuleni, Mkuu wa Shule ametueleza katika taarifa yake kwamba kiangazi kilichopita Kidato cha Pili walipoteza kipindi cha kwanza karibu kila siku kwa kwenda korongoni na ndoo. Sisi tulifanya hivyo pia mwaka 1993, na wapo kati yetu wanaosema ilitukomaza. Huenda. Mimi ninachokumbuka ni kwamba kipindi cha kwanza kilikuwa Hisabati, na matokeo ya darasa letu mnayajua.

Ndugu Mwenyekiti, tukichimba kisima kipya leo, miaka michache ijayo tutakuwa na pampu mbili zilizokufa na vibao viwili. Kwa hiyo naleta hoja mbadala.

Kwanza pampu iliyopo itengenezwe, mara moja. Kisha wafundishwe mafundi wawili, na angalau mmoja awe mama anayechota maji pale pale. Silisemi hili kwa ajili ya kupendeza wageni. Kijana akipata cheti huondoka, ambapo mama ana shamba, ana watoto, na kiu ya pampu ikiharibika humpata yeye kwanza. Vipuri tuvinunue seti za kutosha na kumpa mwenye duka la pale senta kwa mali kauli: auze, achukue faida yake, arudishe mtaji, anunue tena. Nimezungumza naye, amekubali, ila anataka maandishi. Ana haki. Haya yote yapitie chombo cha watumia maji na ofisi ya RUWASA ya wilaya, tusije tukawa na pampu mbili za utawala juu ya bomba moja.

Vijana wa Fizikia nawaombea kazi. Kila Jumamosi mmoja asukume mpini mikono arobaini kwa dakika na mwenzake apime maji yaliyotoka. Yaandikwe daftarini. Maji yakipungua wiki hadi wiki kwa idadi ile ile ya mikono, mpira unalika, na fundi aitwe kabla pampu haijafa. Kifaa kinachohitajika ni ndoo yenye alama, saa, na kalamu.

Fedha itakayobaki, ambayo ni sehemu kubwa, ikae benki kwa mwaka mmoja. Nakiri kwamba watu wa kijiji kile wamezidi 250, na kwa hesabu niliyoitoa pampu moja haitawatosha. Kisima cha pili huenda kikahitajika, na huenda ikafaa kiwe cha umeme wa jua, maana bei za paneli zimeshuka sana. Tukifika huko tutaomba kibali cha kuchimba kutoka Bodi ya Maji ya Bonde kama sheria inavyotaka. Lakini tuchimbe tukiwa na mwaka mzima wa daftari mkononi, na tukiwa tumeona kama yule mwenye duka alinunua vipuri mara ya pili.

Najua pingamizi. Mjumbe mmoja aliniambia jana usiku, nami namheshimu, kwamba wenzetu walioko Muscat na London hawatachangia mpira wa pistoni. Mtu anataka kuona kitu kilichosimama, apige picha, awaonyeshe watoto wake. Ana sababu. Nami sina kinyongo na picha wala na majina. Wapelekeeni nakala ya daftari kila muhula, tarakimu kwa tarakimu. Na kama hapana budi kiwepo kibao, basi kiandikwe jina la fundi na namba yake ya simu, kwa herufi zinazosomeka kutoka kwenye foleni ya ndoo.

Fundi wa wilaya amefika tangu asubuhi na yupo pale nje chini ya mkorosho, amekuja na mpira, bushi na chombo cha kuvulia ile fimbo iliyodondoka. Vipuri hivyo amevileta kwa mkopo kwa dhamana yangu, kwa hiyo mkiikataa hoja mtanidai mimi. Saa nane kamili ataifungua pampu. Wasichana wawili na mama mmoja wa kijijini watakuwapo kushika spana. Wanaotaka kutazama waje kwa njia ya nyuma ya karakana, na wenye mashati meupe wasisimame mbele ya mdomo wa pampu, kwa maana maji ya kwanza yatatoka na kutu na matope ya miaka miwili.

Naomba hoja hii isomwe pamoja na ajenda namba sita.